Nisomee masta ya uongozi wa ambulensi au niende unesi kama wenzangu?

Dada Mkubwa shikamoo,

Mimi ni kijana wa Handeni, Tanga, naishi Baltimore huku Maryland na mke na watoto wawili. Nilikuja Marekani 2015 kwa bahati nasibu ya grini kadi, na digrii yangu ya utawala wa umma ya Mzumbe ambayo mpaka leo ipo kwenye bahasha kabatini. Nikaanza kama wengi tunavyoanza, kupiga boksi na kulea wazee, baadae nikasoma EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ambulensi, nikaipenda, nikaingia komyuniti koleji nikasoma paramediki, ngazi ya juu zaidi ya hiyo, na mtihani wa taifa wa kazi hiyo, National Registry, nikafaulu. Sasa hivi niko kampuni binafsi ya ambulensi, kazi yetu kubwa ni kuhamisha wagonjwa hospitali hii kwenda ile, kupeleka watu wa dialisisi, wale wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, na kuwarudisha makwao, na mara moja moja tunapewa mgonjwa mahututi kweli kweli yuko kwenye mashine ya kupumulia na dripu zinaenda kwa pampu, siku hiyo narudi nyumbani najisikia nimefanya kazi niliyoumbiwa.

Sasa bosi ameniita ofisini anataka niwe naibu meneja wa oparesheni. Anasema ananiona nina utulivu na madereva wananisikiliza. Mshahara unapanda kidogo, nitatoka kwenye gari nitakaa ofisini kupanga shifti, kusimamia ubora wa ripoti, kuongea na hospitali, na akasema nikitaka kusoma kampuni itanisaidia kiasi. Ndo nikaanza kutafuta nikakuta kumbe kuna masta kabisa ya uongozi wa huduma za dharura, nyingine mtu anasoma onlaini huku anafanya kazi. Roho yangu ikaruka dada. Kila siku naona mambo yanaenda hovyo barabarani, mgonjwa anasubiri gari masaa wakati gari lingine limepaki, na najua kabisa ningeweza kuyapanga.

Shida ni nyumbani. Mke wangu ni LPN, nesi wa ngazi ya chini, anasomea RN, nesi kamili, mwakani akijaaliwa anamaliza. Yeye na kaka zake na Watanzania karibu wote ninaowajua hapa wananiambia acha upuuzi, ingia unesi, ndo kwenye hela na heshima. Kwenye misiba na harusi mtu akiniuliza nafanya nini nikisema ambulensi anasema aaa kumbe dereva. Mama yangu nyumbani naye akiwaeleza majirani anasema mwanangu anaendesha gari la wagonjwa. Rafiki yangu mwingine ananiambia kama nataka uongozi niachane na masta niombe zimamoto ya kaunti maana huko ndo kwenye 911 yenyewe, ile namba ya simu ya dharura. Mwingine ananiambia soma MPH, masta ya afya ya jamii, mwingine MBA, masta ya biashara.

Na kuna jambo la moyoni. Dada yangu wa kufuatana alijifungulia njiani kijijini kwetu, gari halikupatikana, mtoto hakuishi. Natamani siku moja nirudi Tanga nikajenge kitu. Sijui hiyo masta ya huku itanisaidia nini kule.

Kuna siku ofisini wanatuita turekebishe ripoti za watu wa dialisisi, tuandike mgonjwa hawezi kusimama ili Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, walipe, ila hayo mi sijayaingilia sana, naandika ninachokiona basi.

Nisaidie dada. Nisaini hiyo kazi? Nisome masta, na ipi? Au nimsikilize mke wangu?

Mzigua wa Baltimore

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa mtoto wa dada yako.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na mambo yote uliyouliza nitayagusa, lakini naanzia pale ambapo wewe hukuuliza kitu. Ile aya ya mwisho kabla ya kuomba msaada. Umeipita haraka kama mtu anayepita mlango wa chumba chenye mgonjwa asitake kuchungulia, na kwangu mimi ndo habari kubwa kuliko masta, kuliko unesi, kuliko cheo.

Medicare hawalipii ambulensi kwa sababu mtu anaenda dialisisi. Wanalipia pale ambapo usafiri mwingine wowote ungehatarisha afya yake. Na neno wanalolitumia la mtu wa kitandani lina masharti matatu na yote matatu yawepo kwa pamoja: hawezi kuinuka kitandani bila msaada, hawezi kutembea, na hawezi kukaa kwenye kiti hata kile cha magurudumu. Mzee anayekufungulia mlango mwenyewe amevaa kofia yake yuko tayari kwenda zake huyo anahitaji teksi au gari la kiti cha magurudumu, hahitaji kitanda chako na oksijeni. Mtu wa dialisisi anaenda kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kwenda na kurudi, mwaka mzima, hesabu mwenyewe kampuni inaingiza nini kwa mgonjwa mmoja, ndio maana udanganyifu ukawa mwingi mpaka serikali ikaweka utaratibu wa kuomba kibali kabla ya kulipwa kwa safari hizi za kujirudia, ulianza majimbo matatu Desemba 2014 na Maryland ikaingizwa 2016. Kwa hiyo macho yapo. Wakaguzi wanachukua ripoti yako wanailinganisha na ya kituo cha dialisisi ambako nesi ameandika mgonjwa ameingia anatembea kapima uzito amesimama kwenye mizani, na hapo ripoti ya ambulensi inasema hawezi kusimama. Mchezo umeisha.

Sasa wewe mpaka leo unaandika unachokiona, safi, na hapo umesimama pazuri. Lakini soma tena maelezo ya hiyo kazi uliyopewa: kusimamia ubora wa ripoti. Yaani kesho ukisaini, yule mtu wa ofisini anayewaita wenzako warekebishe ni wewe. Mimi simjui bosi wako na inawezekana kabisa anakupenda na anakuona unafaa, sisemi ni mtu mbaya. Nasema sahihi itakayokuwa kwenye karatasi ni yako. Mtu akikutwa na hatia ya kudanganya Medicare anaweza kufungiwa asifanye kazi yoyote inayolipwa na fedha za afya za serikali kuu, hapo paramediki imekwenda, masta imekwenda, na hata huo unesi wanaokuambia umekwenda. Na umesema una grini kadi. Kwa sheria ya uhamiaji ya hapa, kosa la udanganyifu ambalo hasara yake inazidi dola 10,000 linahesabiwa kundi zito kabisa la kumfukuzisha mtu nchini hata kama ana watoto hapa na amekaa miaka. Najua wengi wenu mnachelewa kuomba uraia kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha na inauma kuachia pasi ya kwenu, nawaelewa kabisa, lakini mwenye grini kadi hana nafasi ya kucheza na haya mambo.

Kwa hiyo kabla ya kusaini mwandikie bosi, kwa maandishi kabisa siyo kwa kuongea koridoni, kwa heshima zote, kwamba umefurahi kwa ofa na ungependa kujua ripoti inarekebishwa kwa utaratibu gani, nani anaruhusiwa kurekebisha, na kama kuna mtu wa kusimamia kufuata sheria za malipo. Kampuni safi itakujibu siku hiyo hiyo maana ripoti kurekebishwa siyo dhambi, mtu anaweza kuwa alisahau kuandika presha, ilimradi anayeandika ni yule aliyekuwepo na anaandika kilichotokea. Ukiona jibu linazunguka, usisaini, na tafuta mwanasheria wa mambo haya uongee naye kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote, maana sheria ya madai ya uongo kwa serikali inamlinda mfanyakazi anayetoa taarifa, ila kuna namna ya kuitoa. Na usitoke na ripoti za wagonjwa kwenda nazo nyumbani wala usizipige picha na simu, hizo ni siri za watu na utajiletea kesi nyingine.

Hilo likiwa sawa ndo tuongee shule.

Mimi nilikaa miaka kwenye dawati la hospitali la kupanga safari za ambulensi, nimewaona mameneja wa kila aina, na naweza kukuambia kwamba paramediki mzuri akipandishwa cheo bila kufundishwa kitu kingine anateseka sana. Anajua kumtuliza mtu mwenye kifafa sakafuni lakini hajui kusoma bajeti, hajui kwa nini magari sita hayatoshi saa nane mchana na magari manne yanatosha saa tatu usiku, hajui namna ya kumwambia rafiki yake wa jana kwamba leo amechelewa mara ya tano, na akiitwa kikao na wakubwa wa hospitali anaongea kwa hisia wakati wenzake wameleta namba. Hayo ndo yanayofundishwa kwenye hizo masta: fedha za huduma za dharura, takwimu na utafiti, ubora na usalama wa mgonjwa, sheria, maafa makubwa yanavyopangwa, na namna mfumo mzima unavyoshikana kuanzia anayepokea simu mpaka mlango wa theatre. Wewe uliyesema unaona gari limepaki huku mgonjwa anasubiri, hiyo ni hesabu ya kupanga magari kulingana na muda na mahali simu zinakotoka, watu wanaisomea.

Na uko jimbo zuri sana kwa jambo hili. Baltimore ndipo alipofanya kazi R Adams Cowley, yule daktari mpasuaji aliyeshikilia ile habari ya saa ya dhahabu, kwamba majeruhi mahututi hana muda wa kuzungushwa. Watu wanamkumbuka kwa upasuaji lakini mi naona kazi yake kubwa aliifanya nje ya theatre, alihangaika na wanasiasa na polisi na hospitali nyingine mpaka helikopta za polisi wa jimbo zikaanza kubeba majeruhi mwaka 1970, na leo Maryland ina taasisi moja ya jimbo zima, MIEMSS, inayosimamia leseni, mawasiliano, na hospitali ipi ipokee mgonjwa gani. Hebu fikiria ungefanyia mradi wako wa masomo katika mazingira hayo.

Chuo kimoja kiko karibu na wewe kabisa, UMBC pale Catonsville, chuo cha serikali ya jimbo, wana idara ya mifumo ya afya ya dharura na maafa na masta wanatoa. Kwa kuwa wewe ni mkazi, ada unalipa ile ya wenyeji. Creighton ya Omaha kule Nebraska nao wana masta ya huduma za dharura na unaisoma kwa mbali, ila hicho ni chuo binafsi na bei yake ni ya binafsi. Ulizia vyote viwili, linganisha gharama kwa somo moja moja, na uliza swali hili ambalo watu wanasahau: wahitimu wenu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi sasa hivi, wana vyeo gani? Chuo kinachojua kazi yake kina jibu.

Ila nisikudanganye. Masta hii haikurushi ngazi kwenye zimamoto ya kaunti. Rafiki yako anasema kweli kwamba huku Maryland mara nyingi gari linalokuja ukipiga 911 ni la zimamoto ya kaunti au ya jiji, na kule kuna ngazi zao, unaanza akademi, unakaa kwenye gari, unafanya mitihani ya luteni, kapteni, unapanda polepole na vyeo vinatoka humo humo ndani. Ukiingia na masta yako bado utaanza chini na yule kijana wa miaka 22. Digrii itakusaidia baadae sana huko juu kwenye vyeo vya chifu. Kama unachotaka ni kuendesha kituo cha 911 basi omba zimamoto sasa hivi wakati mgongo bado una nguvu, masta itasubiri. Lakini nikisoma barua yako naona mtu anayependa mgonjwa mahututi anayehamishwa, na anayekerwa na mpangilio mbaya. Mtu huyo mahali pake ni vitengo vya hospitali kubwa vya kusafirisha wagonjwa mahututi, au ofisi za ubora, au serikali ya jimbo, na huko kwenye hizo meza masta inahesabika, mara nyingine bila hiyo hata intavyuu huitwi. Kwa hiyo chagua kwanza meza unayotaka kukaa ndo uchague karatasi ya kukufikisha.

MPH na MBA nazigusa kidogo tu. MPH ni nzuri kama moyo wako uko kwenye afya ya jamii nzima, chanjo, magonjwa, takwimu za watu wengi, na inatambulika duniani kote, pamoja na nyumbani, hilo ni muhimu nitalirudia. MBA chukua kama unataka kumiliki kampuni. Kama unataka kuongoza ambulensi, soma ya ambulensi, maana hutapoteza muda kumweleza mwalimu kazi yako ni nini.

Kuna kitu kimoja zaidi utakachojifunza huko nataka ukijue mapema. Hapa Marekani ambulensi kwa sehemu kubwa inalipwa kama usafiri, yaani ukimtibu mtu sebuleni kwake akapona usimpeleke popote, hakuna anayekulipa vizuri. Medicare walijaribu kubadilisha kwa mpango ulioitwa ET3, ulianza Januari 2021, ukaruhusu kulipia matibabu pale pale au kumpeleka mgonjwa kliniki badala ya hospitali, na wakaufunga mwisho wa 2023 kabla ya muda wake. Mambo ya namna hii ndo yanaamua kampuni inaishi au inakufa, na ndo yanaamua pia kwa nini ofisi nyingine zinashawishika kuchezea ripoti. Kiongozi asiyeyajua anabaki kuwalaumu madereva.

Sasa unesi na mke wako. Mdogo wangu, mke wako hajakosea. RN ana milango mingi kuliko paramediki, kwa wastani mshahara wake ni mkubwa zaidi, na anaweza kuhama jimbo au hata nchi akapata kazi, wewe na yeye mna watoto na mna watu wa kutuma hela nyumbani, mama mwenye nyumba anapofikiria hivyo anaifikiria familia. Na kama ungekuwa umeniambia umechoka na ambulensi, mgongo unauma, unataka tu maisha yatulie, ningekuambia kesho jiandikishe unesi, kuna programu za kuwapandisha paramediki kuwa RN bila kuanza sifuri. Lakini hujasema hivyo. Umesema roho imeruka ulipoona masta ya uongozi. Nyumba moja ikishakuwa na RN mmoja mwenye kipato cha uhakika, huyo wa pili anaweza kujenga kitu kingine, na mwambie mkeo hivyo hivyo, kwamba yeye ndo atakayekupa uwezo wa kusoma, siyo kwamba unamkimbia.

Na hao wa kwenye misiba wanaosema dereva, usiwachukie, wengi wanakumbuka gari la wagonjwa la nyumbani ambalo kweli lina dereva na labda nesi mmoja. Hata Marekani yenyewe haikuwa na paramediki zamani, miaka ya 60 sehemu nyingi aliyekuja kukubeba alikuwa polisi au gari la kampuni ya mazishi. Na waliobadilisha hilo wamo watu weusi wa mtaa wa Hill District kule Pittsburgh, 1967 ilianzishwa huduma iitwayo Freedom House, vijana waliokuwa hawapati kazi wakafundishwa na daktari Peter Safar, yule wa kufufua moyo kwa mikono na pumzi, baadae wakasimamiwa na Nancy Caroline, wakawa mfano wa nchi nzima. Jiji likauvunja mkataba 1975 likaanzisha huduma yake na wale vijana wakasukumwa pembeni mmoja mmoja. John Moon alikuwa mmoja wao, akabaki, akavumilia, akapanda mpaka akawa chifu msaidizi wa huduma hiyo hiyo ya jiji. Na huyo Nancy Caroline baadae alikwenda Nairobi akafanya kazi na madaktari wa ndege wa AMREF. Nakueleza haya siyo kukupamba, nataka siku mtu akikuuliza unafanya nini ujibu ukijua uko kwenye ukoo gani wa kazi. Na mama Handeni mwelezee taratibu kwamba mgonjwa akisimama moyo ndani ya gari aliye naye ni mwanawe, atawaambia majirani mwenyewe.

Hela. Muulize bosi hiyo "kiasi" ni kiasi gani na iandikwe. Mwajiri anaweza kukulipia masomo mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi, wengi wanaishia hapo, na ukisoma somo moja au mawili kwa muhula hela hiyo inaweza kubeba sehemu nzuri ya ada ya chuo cha serikali. Soma pia wanadai nini, kuna mikataba inasema ukiacha kazi ndani ya miaka kadhaa unarudisha yote, na kwa hayo niliyokuambia ya ripoti hutaki kufungwa mguu pale. Kwa grini kadi yako unaruhusiwa kujaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo, na kukopa serikali kuu, mkopo wa kawaida wa masta ni mpaka dola 20,500 kwa mwaka, ila ile mikopo ya ziada ya Grad PLUS sheria ya 2025 imeifunga kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, na mi nakuomba usikope hata ile ya kawaida kama unaweza kwenda polepole. Kuna pia msamaha wa mkopo kwa aliyelipa mara 120 huku akifanya kazi serikalini au kwenye taasisi isiyo ya faida, hospitali nyingi kubwa za Baltimore ziko kundi hilo, kampuni binafsi ya faida haimo. Sababu nyingine ya kutazama upande wa hospitali.

Ile digrii ya Mzumbe itoe kwenye bahasha leo. Hiyo ndo inayokufungulia masta, wapo paramediki wazuri kukuzidi hapa hawana digrii ya kwanza inabidi waanze miaka minne, wewe unayo na tena ya utawala. Ipeleke kwa taasisi za kutathmini vyeti kama WES, nakala za matokeo chuo chenyewe ndo kitume, kwa hiyo tafuta ndugu aliyeko Morogoro akakusukumie pale ofisini maana ukitegemea barua pepe peke yake unaweza kusubiri sana. Anza na hili kabla ya kitu kingine chochote, ndo linachelewesha wengi.

Kuhusu Tanga nitakuwa mkweli kwa sababu naona ndiko moyo uliko. Usisome masta hii ukitegemea kuna kiti kinakusubiri nyumbani, kada ya paramediki kule haijakaa kama huku na mtu atakayesoma cheti chako anaweza asijue akuweke wapi, ndo maana nikasema MPH inatambulika zaidi. Lakini mambo yanasogea. Muhimbili walifungua idara kamili ya tiba ya dharura 2010 na chuo cha afya cha hapo hapo, MUHAS, wanafundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Na kuna m-mama ambayo nataka uisome vizuri sana kuliko kitu chochote nilichokuandikia hapa. Ilianzia kanda ya ziwa, Shinyanga na Sengerema, mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura wanapiga 115 bure, kuna mtu kituoni anauliza maswali anaamua aende hospitali ipi, ambulensi ikiwepo inakwenda, isipokuwepo anapigiwa dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa na kufundishwa kidogo, anampeleka mama na malipo yake yanaingia kwenye simu. Mwaka 2022 Rais Samia aliizindua iwe ya nchi nzima. Hebu ona, hawakusubiri mpaka kila kijiji kiwe na ambulensi yenye vifaa vya Baltimore, walipanga simu, dereva, malipo na hospitali vishikane, na kupanga kushikana huko ndo uongozi wa huduma za dharura wenyewe. Ukifika kwenye mradi wa mwisho wa masta omba uufanyie kitu cha nyumbani, uandikiane na watu wa tiba ya dharura wa Muhimbili, wanafahamika na wana mtandao na wenzao Afrika nzima, ukienda likizo upite Tanga uone 115 inavyofanya kazi kwa macho yako. Hiyo itakusaidia kuliko kurudi siku moja na cheti mkononi ukitafuta wa kumwonyesha.

Mpangilio wangu ni huu basi. Wiki hii barua kwa bosi na vyeti Mzumbe. Mke wako amalize RN na afanye NCLEX, mtihani wake wa leseni, kwa utulivu, miezi hiyo wewe ndo uchukue watoto zaidi na usijiandikishe kitu kizito, mkisoma wote wawili kwa pamoja na watoto wadogo mtagombana kwa vitu vya kipuuzi. Yeye akishapata leseni wewe anza na somo moja, chagua la takwimu maana ndo linalowaangusha waliokaa muda mrefu bila shule, na ongea na anayepanga shifti akupe usiku mmoja wa wiki usioguswa na ovataimu.